Kiganja Kimoja cha Chokaa

Mama aliteleza Jumanne kwenye ngazi za soko la Tlaxiaco,
akaanguka na kapu lake, kilo sita za chokaa ya mawe,
akainuka mweupe kama ukuta mpya,
akauliza kwanza: "Kapu limepasuka?"

Mimi ndiye mpiga picha za mifupa hospitalini.
Miaka kumi na tisa nawaambia watu
vuta pumzi, ishike, usitikisike;
yeye sikuwahi kumwambia.
Nikamlaza juu ya meza ya baridi,
nikamkunjia shali yake chini ya kichwa,
nikaingia nyuma ya ukuta wa risasi.
Mashine ikasema neno lake moja.

Picha ikaja.
Eufrosina Cuevas Hilario, miaka sabini na minne,
nyonga nzima. Mfupa mzito, umejaa
kama gunzi lisiloacha nafasi ya punje nyingine.
Daktari Baltazar akaitazama, akalisoma jina, akaitazama tena.
"Huyu bibi anakula nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilinikaa chini ya kucha utoto wangu wote.
Kila jioni chungu, kila jioni mahindi,
na kiganja kimoja cha chokaa. Si kijiko: kiganja.
Mama huonja maji kwa ncha ya ulimi;
yakiuma kidogo, yametosha.
Mahindi hulala humo hadi alfajiri,
yakigeuka manjano, yakivua maganda,
nami naamshwa kuyaosha, maji yakinichubua vidole,
huku nikiapa kwamba nikiwa mtu mzima
nitakula mkate mweupe wa kununua.

Nikawa mtu mzima. Nikala.
Mkate mweupe, soda ya chupa kubwa,
kahawa juu ya kahawa zamu za usiku.
Nikabeba mimba mbili, ya Nereo, kisha ya Itandehui,
na mtoto tumboni hajui kubisha hodi:
anachokosa kwenye damu ya mama, anakichimba mfupani.
Hayo niliyasoma, nikafaulu mtihani.
Moyo haupigi bila kalsiamu, msuli haujikunji;
damu ikipungukiwa haiombi, inabomoa,
inang'oa tofali ukutani ikalipe deni la leo.
Niliyasoma. Sikuyahusisha na sahani yangu.

Nyanya yake mama alikuwa na rovu,
kubwa kama boga changa,
na siku ya sikukuu alilifunga kitambaa chekundu.
Watu walisema ni maneno aliyoyameza kwa mumewe.
Kumbe ni chumvi. Ilikosa madini joto,
chembe isiyoshikika kati ya vidole viwili.
Chumvi ya pakiti ilipofika na lori
wajukuu wakakua na shingo nyembamba.
Maneno waliendelea kuyameza vilevile.

Jioni, zamu ilipokwisha,
nikamwomba Odilón anipige mimi.
Vuta pumzi, akaniambia. Ishike.

Miaka arobaini na sita, na nyonga yangu
kama shuka lililofuliwa mno:
ukiliinua, unaona taa ya upande wa pili.
Nikazitundika picha mbili kwenye kioo chenye mwanga,
ya mama kushoto, yangu kulia.
Mgeni angeingia angesema mimi ndiye niliyemzaa.

Daktari alikuwa mwangalifu. Si chokaa peke yake, alisema.
Kuna jua la shambani, kuna mzigo mgongoni,
kuna maharage na majani ya porini,
na kuna bahati, isiyopimwa maabara.
Akaniandikia vidonge. Nitavimeza.

Mama alikuwa kwenye benchi la korido,
anakung'uta unga mweupe kwenye sketi.
"Za nani hizi?"
"Yako. Na hii yangu."
Akaishika yangu kwenye dirisha, muda mrefu,
kama mtu anayekagua noti aliyoitilia shaka.
Sikusikia pole. Sikusikia nilikuambia.

"Chungu kiko palepale," alisema.
"Ila chokaa yote imemwagika.
Kesho utashuka sokoni wewe.
Na uangalie zile ngazi."